Nyasi za Mchumba Kutoka Liuli

Hedwiga alimwona kabla ya watu wengine. Cleopa alikuwa akipanda mteremko kwa hatua ndefu, suruali ameikunja hadi chini ya magoti, viatu vimeshika udongo mwekundu. Alikuwa ametoka Liuli, kwao ziwani, kwa pikipiki na kulala Kingerikiti ili asichelewe shambani. Alivaa shati la kazi. Begani hakuwa na kamera. Hilo lilimshangaza Hedwiga, kwa kuwa tangu wafahamiane hakuwahi kumwona bila kamera.

"Ndiye huyo?" aliuliza Shangazi Bonifasia, akiegemea jembe lake.

"Ndiye, Shangazi."

"Mrefu! Kumbe dagaa wenu wa usipa hurefusha watu."

"Shangazi, tafadhali. Atakusikia."

"Na asikie. Nimesifu, sijatukana."

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Machi. Ukoo wa Mzee Mansuetus ulikuwa umekusanyika kwenye shamba la juu, huko Mbuji, kutengeneza ngoro. Nyasi zilikuwa zimefyekwa mapema na sasa zilikuwa zimekauka. Kazi ya wanaume ilikuwa kuzilaza katika mistari inayokatana, mpaka mteremko wote ugawanyike katika miraba. Kazi ya wanawake ilikuwa kuchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi hizo. Mwishoni hubaki mashimo yaliyozungukwa na kuta za udongo. Maharage hupandwa juu ya kuta, mvua hutuama mashimoni, na shamba haliteremki bondeni.

Nyasi za kila mwanamume hufunikwa na wanawake wa nyumba yake. Mchumba bado hana nyumba. Kwa hiyo, katika ukoo huu, kijana aliyekuja kuposa alipewa kipande chake cha mteremko, akalaza nyasi mbele ya watu wote, kisha akangoja. Wazee walijibu kwa maneno. Binti alijibu kwa jembe. Akifunika, amekubali. Asipofunika, nyasi hubaki wazi mpaka jua lizame, na kijana hurudi kwao. Mwanamke mwingine yeyote haruhusiwi kuzigusa.

Hedwiga alikuwa amenoa jembe lake tangu jana. Jibu lake alilijua zamani. Jibu la baba yake ndilo lililomnyima usingizi.

Mzee Mansuetus alikuwa na pingamizi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kanisa, maana wao ni Wakatoliki na kina Cleopa ni Waanglikana. Hiyo paroko alikuwa ameahidi kuishughulikia. Ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Cleopa alikuwa akitembeza watalii wa ndani kwa niaba ya kampuni moja ya Arusha. Alizunguka nchi nzima, kutoka mkoa hadi mkoa, na kwao alifika kama mgeni. "Mtu anayelala Kilwa leo na Kigoma kesho," Mzee alikuwa amesema, "mkewe atamtafuta kitandani au kwenye ramani?"

Cleopa alifika, akavua kofia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umelala wapi?"

"Kingerikiti, Baba."

"Na juzi?"

"Liuli, kwa mama."

"Na wiki iliyopita?"

Cleopa alitabasamu kidogo. "Kondoa, Baba."

"Unaona," alisema Mzee Mansuetus. "Nikikuuliza mwezi mzima, tutamaliza mikoa. Kipande chako ni kile pale, juu ya mikahawa. Vitalis atakuonyesha mpaka."

Vitalis, kaka yake Hedwiga, alimwonyesha mpaka na kuondoka bila kuongeza neno. Kijana anayeposa hafundishwi. Cleopa alitazama mteremko, akatema mate viganjani, akabeba mzigo wa kwanza wa nyasi. Alifanya kazi kwa haraka na kwa nidhamu. Mistari yake ilinyooka kama kamba ya fundi mwashi. Yote ilianzia juu na kuishia chini.

Vicheko vilianza upande wa wanawake.

"Huyu anatengenezea maji barabara!" alisema Shangazi Bonifasia. "Mvua ikinyesha, shamba letu litafika ziwani kabla yake."

Hedwiga alichukua dumu la maji, akashuka. Kumfundisha mchumba kulikatazwa. Kumpa maji hakukukatazwa. Alimpa kikombe, na Cleopa alipokipokea vidole vyao viligusana kwa muda mrefu kuliko kiu inavyohitaji.

"Wananicheka nini?" Cleopa alinong'ona.

"Mistari yako yote inashuka."

"Ndiyo. Ili maji yapite."

"Kwa nini unataka yapite?"

"Kwetu muhogo tunaulima kwenye matuta. Maji yakituama, mizizi inaoza. Mkulima huyaonyesha maji njia ya kwenda ziwani."

Hedwiga alimtazama kwa makini. Alikuwa amekulia kwenye miteremko hii, na hakuwahi kufikiri kwamba maji yanaweza kuwa na haki ya kuondoka.

"Ajabu," alisema. "Huku mkulima huyazuia yasiende ziwani."

"Kumbe ninyi ndio mnaotunyima maji."

"Kunywa, acha maneno. Na ukimaliza kunywa, tazama kipande cha Vitalis. Kutazama si kufundishwa."

Cleopa alitazama. Kisha alicheka, akainama, akaanza kulaza mistari ya kukata ile ya kwanza. Hedwiga alirudi kwa wanawake wenzake huku shingo ikiwaka moto, kwa kuwa alijua wote walikuwa wamehesabu muda wa kile kikombe.

Yeye na Cleopa walikuwa wamekutana kwa sababu ya mashimo haya haya. Cleopa alikuwa ameleta wageni kutoka Dar es Salaam kuyapiga picha, na siku hiyo Hedwiga alikuwa amewaleta wanafunzi wake. Alifundisha jiografia katika shule ya sekondari ya Mbinga. Mgeni mmoja aliuliza swali, Cleopa akababaika, Hedwiga akajibu. Jioni Cleopa alimpigia simu kumshukuru. Tangu hapo simu hazikukoma, na kila moja ilianza kwa swali lile lile.

"Leo uko wapi?"

"Kigoma."

"Ziwa Tanganyika linanukaje?"

"Linanukaje! Hedwiga, nimetembeza watu wengi, na hakuna aliyewahi kuniuliza harufu ya ziwa."

"Mimi nimekuuliza."

"Ngoja nishuke ufukweni." Na kweli alishuka, simu ikiwa sikioni, mawimbi yakisikika. "Linanuka moshi wa migebuka, samaki wa huku, na mawe yaliyolowa. Letu linanuka majani zaidi."

Kwa njia hiyo Hedwiga alijua kwamba Lushoto kuna baridi kama ya Mbinga, ila wao huuza matunda damu kandokando ya barabara. Alijua kwamba kwenye miamba ya Kondoa watu waliochorwa zamani ni wembamba mno na vichwa vyao ni vikubwa. Kesho yake aliingia darasani akiwa na habari ambazo hazikuwa kitabuni. Wanafunzi walidhani mwalimu wao amefika huko kote. Hedwiga hakuwahi kuvuka Songea.

Kabla ya adhuhuri, Cleopa alinyoosha mgongo. Kipande chake kilikuwa kimetimia. Mzee Mansuetus alikuja kukikagua. Alitembea juu ya mistari polepole, akakanyaga hapa, akarekebisha pale kwa ncha ya fimbo.

"Sasa inafanana na ngoro," alisema.

"Asante, Baba. Naomba kusema neno."

"Sema."

Cleopa alisimama wima. Watu waliacha majembe. "Nimeacha kazi, Baba. Jumatatu nilimwarifu mkuu wa kampuni, na kamera yao nimeirudisha. Sitatembeza watu tena. Mama amenipa eneo kule Liuli, mahali ambapo mtu akiketi analiona jiwe la Pomonda pale ziwani. Nitajenga vyumba vichache vya wageni. Wageni watakuja na kuondoka. Mimi nitakaa."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, uso wa Mzee Mansuetus ulilegea.

"Hilo ndilo neno nililokuwa nalingoja," alisema. "Mwanamume ni pale anapokutwa. Mimi sina pingamizi tena. Hedwiga! Jembe."

Shangazi Bonifasia alikwisha kuweka ulimi tayari kwa vigelegele. Wanawake walisogea. Vitalis alimpiga Cleopa begani.

Hedwiga hakusogea.

"Mtoto," alisema Shangazi, "ardhi haitakufuata ulipo."

"Naomba kwanza nimuulize Cleopa jambo moja, Baba."

"Uliza."

"Pembeni."

Minong'ono ilipita shambani kama upepo. Mzee Mansuetus alikunja uso, lakini aliinua fimbo kuonyesha kwamba njia iko wazi. Hedwiga alitangulia hadi kwenye mikahawa. Jembe alibaki nalo mkononi. Cleopa alimfuata, na tabasamu lake lilikuwa bado halijui kilichotokea.

"Uliacha kazi Jumatatu," Hedwiga alisema.

"Ndiyo."

"Jumatatu jioni ulinipigia. Tulizungumza mpaka chaji ikaisha. Hukusema."

"Nilitaka iwe zawadi."

"Zawadi kwa nani?"

"Kwa baba yako," alisema Cleopa.

"Basi nenda ukamwambie baba afunike nyasi zako. Yeye ndiye aliyepata mchumba."

"Hedwiga! Nimeacha kazi kwa ajili yetu. Alisema hatanipa binti. Ulitaka nifanye nini?"

"Uniulize. Mimi huuliza hata harufu ya maji. Wewe umebadili maisha yangu yote bila kuuliza hata neno moja." Alishusha sauti. "Kila mwaka nasimama mbele ya ramani na fimbo. Mtwara hii, Mara hii, Kagera ile. Wanafunzi wananiamini. Nilipokupenda nilisema moyoni, huyu ndiye nitakayekwenda naye kuona kama ninayofundisha ni kweli. Leo unakuja kuniposa, na mlango huo umeufunga kwa mkono wako."

Cleopa alichuma jani la mkahawa, akalikunja, akalikunjua. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini na haikuwa na hasira.

"Nimechoka, Hedwiga."

"Umechoka na nini?"

"Na kuamka. Miaka yote hii nimelala kwenye vitanda vya watu. Asubuhi, kabla ya kufungua macho, huanza kwa kukumbuka niko mkoa gani. Siku nyingine nakosea. Nataka niamke nikijua."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza." Alisema hivyo bila kumlaumu. "Uliniuliza samaki, baridi, michoro. Nilipenda maswali yako. Wakati mwingine yalikuwa ndiyo sababu ya kutazama. Lakini hata siku moja hukuuliza, 'Cleopa, na wewe je?'"

Hedwiga alitafuta kumbukumbuni simu moja, moja tu, ambayo angeweza kuitoa kama ushahidi. Hakuipata. Juu yao, Shangazi Bonifasia alikuwa akikohoa kikohozi kisicho cha mafua.

"Kwa hiyo wewe unataka kukaa," Hedwiga alisema, "na mimi nataka kwenda."

"Na jembe liko mkononi mwako."

Walitazamana. Alimpenda. Hilo halikubadilika, na ndilo lililofanya jembe kuwa zito. Alijua kwamba akilishusha sasa, baba atafurahi, ukoo utakula ugali kwa kelele, na yeye atazeeka akilipa deni la furaha hiyo. Asipolishusha, mtu huyu atapanda pikipiki na kurudi ziwani, na hakutakuwa na mtu wa kumuuliza chochote.

"Ulipokuwa na wageni," alisema polepole, "mlikaa muda gani mahali pamoja?"

"Siku moja. Mbili zikizidi. Ratiba ilikuwa ya kampuni."

"Uliwahi kukaa mahali mpaka jirani akakufahamu jina?"

"Hapana. Wapi?"

"Basi pengine hukuchoka kusafiri. Umechoka kukimbizwa."

Cleopa aliinua macho.

"Nina likizo ndefu mara mbili kwa mwaka," Hedwiga aliendelea. Alikuwa ameanza kusema kama anayepanga somo, na hilo lilimtuliza. "Nyumbani kwetu kuwe Liuli, kwenye vyumba vyako. Hapo utaamka ukijua. Lakini likizo ikifika, twende mahali pamoja tu. Tukae hapo mpaka tuchoke kupaona. Kisha turudi."

"Na nikisema sitaki kutoka kabisa?"

"Nitasikitika sana, na sitafunika."

Cleopa alilitupa lile jani. Alifikiri kwa kweli, si kwa heshima tu, na Hedwiga alimpenda zaidi kwa jinsi alivyochelewa kujibu.

"Mahali pamoja," alisema. "Bila ratiba."

"Bila ratiba."

"Ninakubali. Lakini baba yako je?"

"Hilo utamwambia wewe. Wewe ndiye uliyemwahidi kukaa."

Walirudi shambani. Hakuna aliyejifanya anafanya kazi. Cleopa alivua kofia tena, na safari hii aliishika kwa mikono miwili.

"Baba, nimekosea."

"Umekosea nini tena? Nyasi nimeshazipitisha."

"Nimekuahidi jambo ambalo halikuwa langu peke yangu. Kazi ya kampuni nimeiacha, ni kweli. Nyumba nitajenga, ni kweli. Lakini sitakaa moja kwa moja. Likizo za Hedwiga zikifika tutatoka, tukaione nchi, kisha tutarudi."

"Yesu na Maria!" Shangazi Bonifasia alishika kichwa. "Mtu ameshaingia ndani, ameshapewa kiti, anajitoa nje mwenyewe!"

"Bonifasia, nyamaza," alisema Mzee Mansuetus. Uso wake ulikuwa umekaza upya. "Wazo hili ni lako au lake?"

"Ni langu, Baba," alisema Hedwiga.

"Tangu lini?"

"Tangu shule ya msingi. Uliponinunulia atlasi, nilikuwa nalala nayo."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema mtu wa kutembea hana shamba. Nikanyamaza."

Mzee Mansuetus aligeuka akatazama mikahawa yake chini ya mteremko. Alikaa hivyo mpaka Vitalis akaanza kuhama kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Hedwiga aliushika mpini wa jembe kwa nguvu. Baba akikataa sasa, hakutakuwa na neno jingine la kuongeza.

"Wewe," Mzee alimwita Cleopa bila kugeuka. "Bukoba umefika?"

"Nimefika mara nyingi, Baba."

"Nasikia kule mikahawa inakaa chini ya migomba. Nasikia mti wa babu unachumwa na mjukuu, na bado unazaa. Ni kweli?"

"Mikahawa chini ya migomba nimeiona, Baba."

"Wanaupogoaje, mti wa uzee ule?"

Watu wote walimtazama Cleopa. Lingekuwa jambo rahisi kubuni jibu. Hedwiga aliona jinsi alivyolifikiria na kuliacha.

"Sijui, Baba. Niliiona kwa dirisha la gari. Wageni walitaka kuwahi ufukweni."

"Basi hukufika."

"Sikufika, Baba."

Mzee Mansuetus aligeuka. Machoni mwake kulikuwa na kitu ambacho Hedwiga hakuwahi kukiona humo, na alikitambua mara moja, kwa kuwa alikuwa akikiona kila siku kwenye kioo.

"Swali hili ninalo tangu ujana," Mzee alisema. "Nimewauliza mabwana shamba, kila mmoja ana jibu lake, na hakuna aliyekwenda kuona. Nilipenda kwenda mwenyewe. Kila mwaka kulikuwa na palizi, kulikuwa na watoto, kulikuwa na mvua." Alisafisha koo. "Juni tunachuma kahawa. Juni hatoki mtu hapa. Desemba, mkiwa mmekwisha kufunga ndoa, mtakwenda Bukoba. Msilale hotelini. Tafuteni mkulima, mzee mwenzangu, mkae kwake. Wewe kijana ushike mkasi upogoe naye mpaka mkono ujue."

"Ndiyo, Baba."

"Ukiniletea picha tupu, usipite mlangoni kwangu."

"Sitaleta picha, Baba."

Shangazi Bonifasia alitazama huku na huku, kama mtu aliyeamshwa katikati ya misa. "Kwa hiyo amekubali?" alimuuliza Vitalis. "Huyu ndugu yangu amekubali, au anaagiza mkasi?"

Watu walicheka, na Mzee mwenyewe alicheka, akakificha kicheko kwa kukohoa. Hedwiga alivua viatu. Aliingia kwenye mraba wa kwanza, akainua jembe, akalishusha. Udongo ulikuwa mweusi na wenye unyevu. Aliuvuta, ukaangukia nyasi, na vigelegele vya Shangazi vilipasuka juu ya kichwa chake mpaka upande wa pili wa bonde.

Hakuinua macho. Alifunika upande mmoja, akahamia wa pili. Kivuli cha Cleopa kilikuwa kimesimama ukingoni, hakijui kiende wapi, kwa kuwa mwanamume hana kazi tena hapo.

"Cleopa," Hedwiga alimwita kwa sauti ya chini.

"Naam."

"Na wewe je? Umechoka?"

Cleopa alifuta jasho usoni kwa kofia.

"Sana," alisema.

"Basi keti. Nitafunika mimi."